Ohm-mita 4 chini ya mchanga wa jangwa: mfinyanzi au maji chumvi? Tusaidiane kabla ya kuchoronga

#1 Mtafutamaji
Wakuu, salaam. Naomba macho yenu kabla mashine haijafika.

Kuna bonde la jangwani ambalo mto wake ni mchanga mtupu mpaka mvua kubwa ipige milimani. Wastani wa mvua ni milimita 130 kwa mwaka. Tumepima ukinzani wa umeme kwa mpangilio wa Schlumberger (elektrodi nne kwenye mstari mmoja), nusu ya umbali kati ya elektrodi za nje ikafika mita 250. Tafsiri imetoa matabaka manne. Juu kuna mchanga mkavu wa ohm-mita 800 hivi, unene mita 6. Kisha 60 hadi kina cha mita 35. Hapo inaporomoka hadi 4, kuanzia mita 35 mpaka 95. Baada ya hapo inapanda kupita 300.

Kisima kirefu cha karibu kiko umbali wa kilomita 6, na maji yake yanasimama mita 28 kutoka juu. Upitishaji umeme wa maji yake ni maikrosimensi 3,800 kwa sentimita. Maabara imetoa, kwa miligramu kwa lita: sodiamu 690, kalsiamu 60, magnesiamu 35, potasiamu 12, kloridi 700, salfeti 430, bikaboneti 420, naitreti 45, floraidi 2.8.

Mchorongaji anasema hiyo 4 ni "maji mengi, tushuke". Mwenzangu kwenye savei anasema ni mfinyanzi mtupu. Mimi naona maji chumvi. Nyie mnaonaje?

#2 Nanga
Mchorongaji analipwa kwa mita, usimwachie tafsiri. Ukinzani mdogo si kipimo cha wingi wa maji. Kinachobeba mkondo ni ioni zilizoyeyuka ndani ya maji, si maji yenyewe. Maji ya bahari yana ohm-mita 0.2 tu, wakati maji baridi ya kunywa, yaani yasiyo na chumvi nyingi, yanakuwa 10 na zaidi. Mchanga uliojaa maji mazuri mara nyingi utakupa makumi kadhaa ya ohm-mita, hauwezi kukupa 4. Kwa hiyo ukiona 4 na unatafuta maji ya kunywa, anza kwa kusikitika kidogo.

#3 MamaMiamba
Nanga yuko sawa. Niongeze hesabu maana watu wengi wanaishia kwenye rangi za ramani.

Kupata ukinzani wa maji, gawa 10,000 kwa upitishaji. 10,000 kwa 3,800 ni ohm-mita 2.6. Sasa tumia kanuni ya Archie ya 1942: kwa mchanga usio na mfinyanzi, ukinzani wa tabaka lote ni ule wa maji mara kigezo kinachotegemea uwazi kati ya chembe. Uwazi ukiwa asilimia 30, kigezo kinakuwa kama 5 au 6. Yaani mchanga uliojaa maji ya kisima kile ungesoma 13 hadi 16. Wewe umepata 4.

Ili mchanga safi usome 4, maji yake yanatakiwa yawe ohm-mita 0.8, sawa na maikrosimensi 12,500. Hayo ni zaidi ya mara tatu ya chumvi ya kisima cha jirani. Ndugu yetu achague: ama huko chini kuna maji machafu kuliko jirani, ama kuna mfinyanzi. Mimi naegemea mfinyanzi.

#4 Kokoto
Samahani wataalamu, mimi nasoma tu. Mfinyanzi haupitishi maji, tunajua wote. Umeme unapitaje humo?

#5 BahariKavu
@Kokoto swali zuri, na ndilo linalowaangusha wengi. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi usoni, zinavutia sodiamu, kalsiamu na wenzake wakae karibu. Ukipitisha mkondo, ioni hizo zinasogea kando ya uso wa chembe. Maji yamo, tena mengi, ila yamekamatwa kwenye matundu madogo mno, pampu haiyapati. Hivyo unapata njia nzuri ya umeme bila tone la kuteka.

Na ndiyo maana hesabu ya MamaMiamba ina masharti: Archie aliandika kwa miamba ya mchanga isiyo na mfinyanzi. Kukiwa na mfinyanzi kidogo tu, upitishaji wa uso wa chembe unaingia na kanuni inakudanganya. Tabaka la mchanga uliochanganyika na mfinyanzi, lenye maji kama ya jirani, linaweza kusoma 4 bila shida yoyote. Si lazima iwe kimoja kati ya viwili.

#6 Ohmu
Mnabishana kuhusu 4 kana kwamba 4 imeshuka kutoka mbinguni. Hilo tabaka la ukinzani mdogo limebanwa kati ya mawili makubwa. Katika hali hiyo kipimo cha juu ya ardhi hakijui unene peke yake wala ukinzani peke yake, kinajua unene ukigawanywa kwa ukinzani. Mita 60 kwa ohm-mita 4 ni 15. Mita 30 kwa 2 ni 15 pia. Mita 120 kwa 8 ni 15 pia. Mchoro wa vipimo utafanana kabisa, programu itakupa jibu lolote kati ya hayo kulingana na ulivyoanza nalo.

Ikiwa ni 8, maji kwa kigezo cha 5 yanakuwa maikrosimensi 6,250 hivi. Ikiwa ni 2, yanakuwa 25,000. Ni tofauti kubwa mno. @Mtafutamaji, una kisima chochote chenye kumbukumbu ya matabaka cha kufungia unene?

#7 Mtafutamaji
@Ohmu hakuna karibu. Cha jirani kina karatasi ya maabara tu, ya uchorongaji haipo.

#8 Mzee_wa_Fimbo
Vijana mnahangaika na ohm. Huku kwetu kuna mzee anakata kijiti cha panda, anatembea, kikiinama mnachimba. Hajawahi kukosa maji.

#9 Nanga
Shikamoo mzee. Sina ugomvi na mzee wa kijiti, lakini angalia jambo moja: kwenye bonde lililojaa mchanga, maji yameenea chini kama shuka, karibu popote utakapochoronga utayafikia. Hapo hata mtu aliyefumba macho hakosi. Swali la Mtafutamaji ni chumvi kiasi gani na kwa kina gani, na kijiti hakijawahi kutaja kina wala kloridi.

#10 Mzee_wa_Fimbo
Marahaba. Hilo la chumvi kweli hasemi. Endeleeni, nasoma.

#11 Setilaiti
Kwa nini msitumie picha za setilaiti? Turkana mwaka 2013 waligundua ziwa zima chini ya ardhi kule Lotikipi, maji ya kutosha Kenya nzima miaka 70. Hakuna aliyekanyaga na elektrodi.

#12 MamaMiamba
Hapana ndugu, tuliweke sawa. Kwanza si ziwa, ni maji yaliyokaa kwenye matundu ya mchanga na kokoto. Pili, setilaiti na rada zilisaidia kuonyesha pa kuchoronga, uthibitisho ukaja kwa visima. Tatu, na hili ndilo chungu, majaribio yaliyofuata yalikuta maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa bila kusafishwa. Tangazo lilikimbia mbele ya kemia. Setilaiti inaona uso wa nchi na maumbo yake. Haiwezi kuonja.

#13 Jangwani
Na kinyume chake kipo. Kaskazini mwa Namibia, mwaka 2012 ilitangazwa hifadhi ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Ohangwena II. Juu kuna tabaka lenye maji ya chumvichumvi, chini yake, likitenganishwa na mfinyanzi, kuna maji baridi ya zamani. Mtu angeishia kwenye maji ya juu angesema bonde zima limeharibika.

Kwa hiyo mimi naangalia ile 300 ya chini kabisa. Nyote mmeiruka. Inaweza kuwa mwamba mgumu, lakini inaweza pia kuwa mwamba wa mchanga wenye maji baridi.

#14 Ohmu
@Jangwani nakubali wazo, sikubali ushahidi. Tawi la mwisho la mchoro likipanda kwa nyuzi 45, linakuambia tu kuwa huko chini ukinzani ni mkubwa, haliwezi kutofautisha 300 na 3,000. Tabaka la 4 linameza mkondo, kinachofika chini yake ni kidogo. Mita 250 hazitoshi kuisema hiyo 300. Inatakiwa kutanua waya hata mara mbili.

#15 Jangwani
Basi atanue. Na akichoronga kupita kule chini, asisahau kuziba kwa saruji nyuma ya kesingi (bomba la kukinga kuta za kisima) pale kwenye mfinyanzi. Bila hivyo maji mabaya ya juu yatateremkia kwenye mazuri, na hakuna wa kuyarudisha.

#16 Kemia_ya_Maji
Turudi kwenye karatasi ya maabara, ina mengi kuliko mnavyoitumia.

Nimejumlisha chaji za ioni, kwa milikwivalenti kwa lita (miligramu zikigeuzwa kuwa kiasi cha chaji): chanya 36.2, hasi 36.5. Uchambuzi ni mzuri, kosa ni chini ya asilimia 1, na kawaida tunakubali hadi 5. Sodiamu ni 30 na kloridi 19.8, uwiano 1.5. Maji ya bahari yana 0.86 na chumvi ya mwamba ikiyeyuka inatoa 1. Kwa hiyo kuna sodiamu ya ziada, kama 10. Imetoka wapi? Naona jasi iliyeyuka, ikatoa kalsiamu na salfeti, kisha mfinyanzi ukaichukua kalsiamu na kuachia sodiamu. Ushahidi: toa kloridi kwenye sodiamu unapata +10.2. Chukua kalsiamu na magnesiamu, toa salfeti na bikaboneti, unapata −10. Zinalingana karibu kabisa! Kubadilishana ioni kunahitaji mfinyanzi. Kesi imefungwa, 4 ni mfinyanzi.

#17 BahariKavu
Kesi haijafungwa. Hesabu hiyo ya mwisho lazima ilingane, mchakato uwe wowote. Chaji chanya ni sawa na hasi, hivyo ukihamisha sodiamu na kloridi upande mmoja na zilizobaki upande wa pili, unapata namba zilezile zenye alama kinyume. Umethibitisha kuwa maabara ilipima vizuri, hilo tu. Mchoro wa namba hizo mbili umejaa kwenye ripoti nyingi na watu wanausoma kana kwamba ni ushahidi.

Sodiamu ya ziada inaweza kutoka kwenye feldispa (madini ya miamba) inayooza taratibu pia, na hapo inakuja pamoja na bikaboneti. Anayo 420.

#18 Kemia_ya_Maji
Kuhusu mchoro uko sahihi, naondoa hoja hiyo. Lakini feldispa haina salfeti. Ile 430 inataka chanzo, na kama chanzo ni jasi, kalsiamu yake imeenda wapi kama haijabadilishwa au kuganda kama chokaa? Bado nashikilia mfinyanzi kwa njia hiyo.

#19 Ohmu
Mfinyanzi uko kwenye njia ya maji ya kisima kile, kilomita 6 mbali. Huo si ushahidi kwamba uko chini ya elektrodi zake kati ya mita 35 na 95.

#20 Mtafutamaji
Asanteni sana, mnanifungua. Nimepata nyongeza kutoka maabara. Bromidi 2.2. Isotopu (atomi nzito zilizomo kwenye maji, kwa elfu ukilinganisha na maji ya bahari; deuteri ni hidrojeni nzito): oksijeni-18 ni −4.6, deuteri −28.

#21 BahariKavu
Ahsante, hizi ndizo nilizokuwa nazingoja.

Kloridi kwa bromidi ni 318 kwa uzito. Bahari ni kama 290. Chumvi ya mwamba inapoganda huiacha bromidi nje, kwa hiyo ikiyeyuka tena uwiano unaruka kwenye maelfu. Hapa hakuna chumvi ya mwamba. Kloridi hii imekuja na mvua na vumbi la hewani, kisha ikakusanyika.

Sasa isotopu. Mstari wa mvua wa Craig wa 1961 ni deuteri sawa na 8 mara oksijeni-18, jumlisha 10. Kwa −4.6 unapata −26.8. Yeye ana −28. Yupo kwenye mstari karibu kabisa. Maji yaliyochomwa na jua hutoka kwenye mstari huo na kufuata mteremko wa 4 hadi 6. Haya hayakuchomwa.

#22 Kokoto
Sasa nimepotea. Kama jua halikuyapunguza na chumvi ya mwamba haipo, miligramu 700 za kloridi zimefikaje humo?

#23 Mwiba
Mizizi, dada. Mti wa jangwani unanyonya maji na kuacha chumvi kwenye udongo, na unaponyonya hauchagui isotopu. Maji yanayobaki yanazidi chumvi huku isotopu zikibaki zilezile za mvua. Migunga na mathenge ya kando ya mto mkavu inafanya kazi hiyo mchana kutwa.

Ukitaka kujua kinachopenya, chukua mvua 130, zidisha kwa kloridi ya mvua, tuseme 2, gawa kwa 700. Unapata chini ya nusu milimita kwa mwaka.

#24 Jangwani
@Mwiba kanuni hiyo inafaa pale mvua inapoingia ardhini papo hapo. Hapa maji yanakuja na mafuriko kutoka milimani na kuzama kwenye mchanga wa mto, kwa hiyo kiasi kinachoingia chini ya mto kinaweza kuwa kikubwa kuliko hicho mara nyingi. Tena mafuriko ya kwanza yanasomba chumvi yote iliyolala juu kwa miaka na kuizamisha kwa mkupuo. Chumvi ya kusombwa nayo haigusi isotopu. Mizizi au kusombwa, namba hizi hazitofautishi.

#25 Setilaiti
Mimi naona ni maji ya kale. Chini ya Sahara kuna maji ya miaka milioni moja, yamepimwa kwa kaboni-14.

#26 BahariKavu
Si kwa kaboni-14. Nusu-uhai wake ni miaka 5,730, ikifika kama miaka 40,000 hakuna cha kupima. Maji ya tabaka la Nubia kwenye oasisi za Misri yalipimwa kwa kriptoni-81, ambayo nusu-uhai wake ni karibu miaka 229,000, yakatoka kati ya 200,000 na milioni 1 hivi.

Ila wazo la ukale lisitupwe. Maji ya Nubia yana oksijeni-18 karibu −10, ya mvua za zama nyingine. Ya huyu ni −4.6. Inaweza kuwa mvua ya zamani kidogo, inaweza kuwa mvua kubwa ya dhoruba za leo, maana dhoruba kubwa nazo hushusha namba. Tritiamu (hidrojeni yenye mnururisho) ingeamua sehemu: ikionekana, yamo maji ya miongo ya karibuni.

#27 Mfugaji
Wakuu, naitreti 45 ni mbuzi kunywa pale kisimani? Na hayo maji yanafaa mifugo?

#28 Kemia_ya_Maji
Mifugo watakunywa, jumla ya chumvi ni kama 2,400 kwa lita. Binadamu ndio shida. Kiwango cha WHO cha naitreti ni 50, yuko chini kidogo tu. Samadi inawezekana, lakini majangwa yana naitreti ya asili chini ya udongo, kule Kalahari inajulikana. Usimlaumu mbuzi bila isotopu za naitrojeni.

Mimi naogopa zaidi floraidi. 2.8 dhidi ya kiwango cha 1.5, hiyo inaharibu meno ya watoto, na ikizidi zaidi inafika mifupa. Kalsiamu ikishuka, floraidi inapata nafasi ya kubaki kwenye maji. Kuchemsha hakuiondoi.

#29 Fundi_Waya
Nije kwenye vifaa. Kutenganisha mfinyanzi na maji chumvi, pima kinachotokea ukikata mkondo. Mfinyanzi hushika chaji, volteji inafifia taratibu. Mchanga wenye maji chumvi unaachia karibu mara moja. Mashine nyingi za ukinzani za sasa zina kipimo hicho, tatizo ni elektrodi: kwenye mchanga mkavu wa juu mkondo hauingii. Mwagia maji ya chumvi kila elektrodi, na panga elektrodi kadhaa sambamba.

Kama bajeti inaruhusu, kuna kipimo cha kitanzi cha waya kinachotikisa protoni za maji kwa sumaku. Maji yaliyonaswa kwenye mfinyanzi mwitikio wake unakufa haraka hauonekani, ya kwenye mchanga yanaonekana.

#30 Ohmu
Kitanzi sawa, ila ardhi ya ohm-mita 4 inapunguza kina chake. Na kile cha kukata mkondo, mfinyanzi uliojaa maji chumvi sana nao unaonyesha kidogo. Vyote viwili vifanywe juu ya mstari mmoja, si nukta moja.

#31 Mwiba
Nina neno ambalo hamjaligusa. Maji ya jirani yanasimama mita 28. Tabaka la 60 linafika mita 35. Kama maji hapa nayo yako 28, basi mita 7 za chini za tabaka la 60 zimelowa. 60 gawa kwa 5 ni 12, yaani maikrosimensi 830 hivi. Hayo ni maji baridi!

Kaskazini mwa Kuwait, Raudhatain, kuna maji baridi yanayoelea juu ya maji chumvi kwa sababu ya mafuriko ya mara chache yanayokusanyika bondeni. Huyu ana mto mkavu. Mnapigania 4 wakati kinachotafutwa kinaweza kuwa juu yake.

#32 MamaMiamba
Mwiba, nimeipenda hii. Pingamizi langu: mita 28 ni za kilomita 6 mbali, hapa inaweza kuwa 35 kamili na ile 60 ikawa mchanga wenye unyevu tu. Na kama ipo, ni nyembamba. Pampu kubwa itavuta maji chumvi yapande kutoka chini ndani ya msimu mmoja. Hapo ni visima vifupi vingi, kila kimoja kikivutwa polepole.

#33 Mtafutamaji
Shukrani nyote. Nimemwambia mchorongaji asubiri. Tunatandaza mstari kukatisha mto, tukipima na kile cha kukata mkondo, na waya utanuliwe. Kisima cha jirani tutakipampu mpaka joto, asidi na upitishaji vitulie, bikaboneti tupime palepale, na chupa ya tritiamu tujaze.

#34 Ohmu
Kabla ya kuchukua chupa, uliza chujio la kisima kile liko kina gani. Kama limewekwa kwenye matabaka mawili, hiyo 3,800 ni mchanganyiko wa maji mawili, na hesabu zote za hapo juu, pamoja na ile ya maji baridi ya Mwiba, zinabadilika.

#35 Mtafutamaji
Mwenye kisima anasema bomba lenye matundu lilianza "karibu na maji" na likaenda mpaka chini. Hakumbuki zaidi. Nitashusha kipima upitishaji mita kwa mita kabla ya kuwasha pampu, nilete namba hapa.

#36 Mwiba
Shusha kipima hicho pampu ikiwa imezimwa usiku mzima. Na anza kusoma kabla ya kugusa maji.